Shangazi, mke wangu alidhani Doa ni mwanamke

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nina mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 4. Nakuandikia usiku huu wao wamelala. Nimekaa jikoni kwa sababu ndiko mtandao unakoshika vizuri, si kwamba najificha. Ingawa kusema kweli, kujificha nako kumo.

Miaka 2 iliyopita, kazini tulipelekwa kwenye kituo kimoja kinachohifadhi mbwa waliotupwa na waliopotea, tukasaidie kupaka rangi ukuta. Wenzangu walimaliza siku ile ile wakasahau. Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka wafanyakazi wa pale wakaanza kuniita Mzee wa Jumamosi. Naosha vizimba, nabadilisha maji, nawatoa mbwa wakanyooshe miguu. Nyumbani nilisema nimepata kazi ya ziada ya nusu siku.

Kizimba cha mwisho, karibu na ukuta nilioupaka rangi kwa mkono wangu, yumo mbwa jike anaitwa Doa. Ni wa rangi ya majivu, sikio moja lina doa jeupe. Wanakadiria ana miaka 10, na huu ni mwaka wake wa 3 pale. Jicho la kushoto lina ukungu. Si mbwa wa kurukaruka. Ukimfungulia anatoka taratibu, anakuja kusimama ubavuni mwako, halafu anakuegemea. Anakuegemea kwa uzito wake wote, Shangazi, mpaka ujipange miguu usianguke. Haombi kitu. Anakaa hivyo dakika 5, dakika 10, kisha anashusha pumzi ndefu, ndipo anakuwa tayari kutembea. Watu wanaokuja kuchukua mbwa humpita bila kusimama, wanaelekea kwa watoto wa mbwa.

Nikaanza kumfadhili. Kituo kina utaratibu wa mtu kulipia chakula na matibabu ya mbwa mmoja kila mwezi. Pesa hizo nazitoa kwenye akiba ya nyumba, ile tunayoiweka pamoja mimi na mke wangu. Kwa mwezi si nyingi, lakini sasa ni mwezi wa 14. Akiniuliza mbona akiba haisogei, namwambia saa za ziada zimepunguzwa.

Sasa mke wangu. Akiwa na miaka 8 alikimbizwa na mbwa akitoka shule, akaumwa kwenye kigimbi cha mguu. Kovu lipo mpaka leo. Alidungwa sindano za tumboni, nyingi, anasema alikuwa akizihesabu, na hadi leo harufu ya spiriti inamchafua moyo. Tukitembea, akiona mbwa mbele yetu, hata aliyefungwa, ananishika mkono tunavuka barabara. Haya yote niliyajua kabla sijamuoa.

Wiki 3 zilizopita niliacha simu mezani nikaingia kuoga. Ujumbe ukaingia kutoka kwa dada mmoja wa kituoni: "Doa hajala tangu jana. Nadhani anakungoja wewe. Kesho utakuja?" Nilipotoka, mke wangu alikuwa amesimama, simu iko mkononi mwake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Doa ni nani?"

Nikamwambia ni mbwa. Hakuamini. Nikamfungulia picha. Alizitazama moja moja, zinazidi 100, akacheka, akacheka sana, kisha akaketi sakafuni akalia. Akasema, "Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua la kufanya." Tangu siku hiyo hatujagombana. Anaongea na mtoto, nikimuuliza kitu ananijibu. Jumamosi iliyopita aliniuliza tu, "Unaenda?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ukirudi oga kabla hujamshika mtoto."

Ya pesa hajui.

Na kuna jingine. Mwenye kiwanja anataka nusu ya eneo lake, kwa hiyo vizimba vya nyuma vitabomolewa mwisho wa mwezi ujao. Mbwa watabanwa mbele wawili wawili, na wasiopata nafasi watapelekwa kituo kingine, mbali. Doa hapatani na mbwa wenzake. Nimejaza fomu ya kumchukua. Fomu ina swali: "Je, watu wote wa nyumbani wamekubali?" Nikaweka alama ya ndiyo. Sasa wanataka kuja kuiona nyumba.

Niliyemweleza ni kaka yangu peke yake. Alisema mwanamume mzima kulilia mbwa wakati watu wana shida zao ni aibu. Labda. Lakini Doa hana mtu mwingine. Ananijua kwa mlio wa baiskeli yangu. Nikiacha apelekwe huko atakufa kwa huzuni, na nitakuwa nimemtupa mara ya pili. Nikimleta nyumbani, nampoteza mke. Au mke wangu atamzoea pole pole? Watu husema hofu huisha mtu akikaa na kile anachokiogopa.

Nifanye nini, Shangazi?

Mzee wa Jumamosi

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara 2. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwenye "Doa ni nani?", unisamehe. Mara ya pili sikucheka, maana nilikuwa nimeanza kumsoma mke wako badala ya kukusoma wewe. Doa umenieleza mpaka nimemwona anavyotoka, anavyoegemea, anavyoshusha pumzi. Mke wako umenipa kovu lake, hofu yake, na maneno machache aliyosema. Sikulaumu kwa hilo. Mtu huandika kinachomwelemea usiku ule.

Ila naona umeniuliza kana kwamba swali ni moja, la mbwa: nimlete au nimwache. Mimi naona umefunga mambo 3 kwenye furushi moja. Kuna Doa, ataishi wapi vizimba vikibomolewa. Kuna miezi 14 ya akiba. Na kuna mwanamke aliyesimama na simu yako mkononi akiamini kwa dakika kadhaa kwamba ndoa yake imekwisha, na sijaona popote ulipoandika kwamba ulimwomba radhi kwa dakika zile. Ukilifungua hilo furushi, huenda la mbwa ndilo likawa jepesi.

Basi nianze na hilo jepesi, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi.

Unasema Doa hana mtu mwingine. Lakini ule ujumbe hukujiandikia. Kuna dada aliyeona bakuli halijaguswa tangu jana yake, akajali hata akakutafuta. Huyo naye ni mtu wa Doa. Simwingizi hapa ili nikupunguze wewe. Namwingiza kwa sababu ukishaamini kwamba mbwa huyu ana mtu mmoja tu duniani, kila njia isiyopita mlangoni kwako itaonekana kama kifo, na huwezi kuchagua vizuri ukiwa umeshikiwa kifo mbele ya macho.

Halafu hilo la kutokula. Inawezekana kweli anakungoja. Lakini mbwa wa miaka 10 anayekataa chakula aonwe kwanza na daktari wa wanyama, na huzuni iwe jibu la mwisho, mengine yakishaondolewa. Mbwa wengi wakivuka miaka 3 tu huwa wameshaanza ugonjwa wa fizi. Akifika 10, kutafuna kunaweza kuwa mateso, na mbwa ni hodari sana wa kuficha maumivu. Figo zikichoka nazo humfanya mbwa mzee akose hamu ya kula huku akinywa maji kupita kawaida. Muulize yule dada: je, Doa analisogelea bakuli kisha anarudi nyuma? Anadondosha chakula? Anatafuna upande mmoja? Maji yanaisha upesi kuliko zamani? Na jicho pia liangaliwe. Ule ukungu wa kijivu unaokuja macho yote mawili mara nyingi ni uzee tu, mbwa anaendelea kuona. Wa jicho moja unahitaji kuulizwa zaidi.

Na kule kukuegemea, mwanangu. Wewe umekusoma kama mapenzi. Mwambie daktari amshike nyonga na magoti. Mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma naye hutafuta kitu cha kuegemea kabla ya kuanza kutembea. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na huwezi kujua kwa kumtazama usoni. Kama unataka kumtendea Doa jambo wiki hii, bila kungoja uamuzi wa mtu yeyote, ni hili.

Kuhusu kuhamishwa, sikatai kwamba kutamsumbua. Watafiti wamepima kwa mbwa wa vituoni kotisoli, homoni inayopanda kiumbe anapokuwa na msongo, wakakuta iko juu zaidi siku za kwanza za kuingia, kisha hushuka. Wafanyakazi wa vituo wenyewe wana kipimo chao cha mdomoni: siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kuanza kuelewa mambo yanavyokwenda, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Usikichukue kama sheria, wapo mbwa wanaohitaji mwaka. Ila kipimo hicho kinahusu kituo cha mbali, na kinahusu nyumba yako vilevile. Atakayefika kwako si huyu unayemjua wewe wa Jumamosi. Kwa siku kadhaa anaweza kujibanza nyuma ya mlango, akakojoa ndani, akanguruma akisogelewa. Na atakayekuwa naye mchana huo, wewe ukiwa kazini, ni nani?

Hapo ndipo tuvuke barabara, twende upande alikosimama mke wako.

Sindano za tumboni. Wasomaji wangu vijana wanaweza kudhani ni hadithi za bibi. Chanjo za zamani za kichaa cha mbwa zilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama, na mtu alidungwa tumboni kila siku, siku 14 au hata 21 mfululizo. Siku hizi ni dozi chache, tena kwenye mkono. (Na kwa yeyote anayesoma hapa: ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.) Kwa hiyo yule msichana wa miaka 8 aliumwa mara moja na mbwa, halafu akapelekwa kuumizwa kila asubuhi na watu wazima waliompenda, na bila shaka alizisoma nyuso zao akaelewa kinachoogopwa. Wewe unaiita hofu. Mimi naona ni mtu anayekumbuka sawasawa kilichompata.

Usemi ule kwamba hofu huisha ukikaa na unachokiogopa una ukweli nusu. Wanaotibu hofu za namna hii huenda kwa hatua ndogo ndogo: kwanza kuzungumza juu ya mbwa, kisha picha, kisha mbwa wa mbali nyuma ya uzio, kisha karibu kidogo. Lakini nguzo ya tiba hiyo yote ni kwamba mwenye hofu ndiye anayeshika usukani. Yeye ndiye anayesema leo tuishie hapa. Mbwa anayeletwa nyumbani kwake bila yeye kutaka, akalala ndani ya kuta zake usiku na mchana, anamnyang'anya mahali pekee ambapo hahitaji kuvuka barabara. Hofu ya hivyo huweza kuzidi, na juu yake ikaongezeka hasira.

Sasa, kuna kitu umekiandika ukakipita haraka. Mke wako alikaa akatazama picha zaidi ya 100 za mbwa, moja moja. Kwa mtu wa namna yake hilo si dogo hata kidogo. Tafadhali usilichukue ukamwendee nalo kama ushahidi, "mbona picha uliangalia". Lishike tu moyoni. Na lile la "ukirudi oga kabla hujamshika mtoto" pia nimelirudia. Angeweza kusema usiende. Hakusema. Labda anakupa nafasi kwa sharti. Labda amechoka na hana nguvu ya kusema zaidi. Mimi siko nyumbani kwenu, wewe uko. Umeshamuuliza alimaanisha lipi?

Na mtoto. Uso wa mtoto wa miaka 4 uko usawa wa mdomo wa mbwa. Doa ana jicho moja lisiloona vizuri. Mtoto akimjia upande wa kushoto kwa mbio, au akimkumbatia usingizini, hata mbwa mpole kuliko wote anaweza kugeuka kwa mdomo kabla hajajua ni nani. Katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kama 40 kati ya 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Doa bila shaka ana kadi ya chanjo, itazame kwa macho yako, lakini chanjo haizuii meno. Mbwa na mtoto wa umri huo hawaachwi chumba kimoja bila mtu mzima, hata dakika ile ya kwenda kufungua mlango. Mtu mzima huyo kwa siku nyingi za wiki angekuwa mke wako. Unaona unachomwomba?

Nimesikia pia neno la kaka yako. Mwaka 1860, mama mmoja wa London aitwaye Mary Tealby alifungua makazi ya mbwa waliopotea, na gazeti kubwa la mji likamfanyia kejeli kwa hoja hiyo hiyo ya kaka yako, kwamba huruma imekosa pa kwenda ikaenda kwa mbwa. Makazi yale yapo mpaka leo, siku hizi yako Battersea, hapo hapo London. Mimi mwenyewe ni mtu wa paka, nakiri, lakini sioni aibu kwenye kumpenda Doa. Kama kuna kitu kinakuchoma, sidhani ni mapenzi. Nadhani ni yale uliyoyazungushia mapenzi hayo ili yasionekane.

Ndiyo maana nimefika kwenye ile alama uliyoiweka kwenye fomu.

Vituo haviulizi swali lile kwa adabu tu. Mbwa hurudishwa, na wakati mwingine si kwa ubaya wa mbwa; ni nyumba iliyokuwa imegawanyika tangu mwanzo. Fikiria siku ya ukaguzi. Mgeni anagonga, unachelewa kidogo chooni, mke wako anafungua, anaambiwa, "Tumekuja kuona atakapolala Doa." Huo utakuwa ujumbe wa pili anaoupokea kwa niaba yako. Unaweza kumpigia msimamizi kesho ukamwambia ulijaza kabla ya kuzungumza nyumbani, usimamishe kidogo. Utaona haya, ndiyo. Unaogopa pia kwamba watamtoa Doa kwenye orodha. Hiyo hatari ipo. Lakini watu wa vituo wameona mengi, na wanaweza kukuheshimu zaidi kwa simu hiyo kuliko kwa ile alama.

Ya pesa sitaki kuyazungusha. Akiba ni ya watu wawili. Akiyagundua mwenyewe, kama alivyomgundua Doa, sijui kama atacheka kwanza safari hii. Unaweza kuchagua kumwambia siku moja na mengine yote, au kuyatanguliza peke yake ili yasionekane kama mzigo uliofichwa chini ya mbwa. Kila njia ina ubaya wake. Ukiyaweka pamoja, anaweza kuzidiwa. Ukiyatenga, anaweza kujiuliza ni nini kingine kinakuja kesho. Wewe unamjua, je, ni mtu wa kupenda kunywa dawa chungu yote mara moja au kijiko kijiko?

Kuhusu Doa ataishi wapi, naona umejiwekea milango 2 tu, nyumbani kwako au kifo cha huzuni. Acha nigonge ukuta kidogo nione kama hakuna mwingine.

Kuna mtu unayemjua aliyebaki peke yake nyumbani, hana watoto wadogo, hana mbwa mwingine, anapenda kutembea taratibu? Mbwa mzee asiyerukaruka ni shida kwa familia yenye watoto wa mbio, lakini kwa mtu kama huyo ni baraka. Tatizo la Doa ni kwamba anayepita kizimbani anaona mbwa wa kijivu amelala. Hajui ile habari ya kuegemea. Wewe ndiye unayeijua, na umeiandika hapa vizuri kuliko tangazo lolote. Iandike tena, na picha zako zile, ukipe kituo waisambaze. Sema ukweli wote: umri, jicho, kwamba hapatani na mbwa wenzake. Hatari ya njia hii ni yako wewe: inaweza kufaulu. Atakuja mtu, Doa atamwegemea, na wewe utabaki na baiskeli yako Jumamosi.

Kuna pia kulea kwa muda, nyumbani kwa mtu mwingine, wewe ukiendelea kuchangia kwa pesa ambazo mke wako anazijua. Najua unafikiri kumtoa na kumrudisha ni kumtesa. Lakini kuna utafiti uliofanywa kwenye vituo 5 huko Marekani, ukachapishwa 2019, ambapo mbwa walilala usiku mmoja au mbili nje ya kituo kisha wakarudi. Ile kotisoli ilishuka wakiwa nje, wakalala usingizi wa kutosha, na waliporudi ilipanda mpaka pale ilipokuwa mwanzo, haikuzidi. Kwa hiyo hata mapumziko mafupi ni mapumziko. Kasoro yake ni kwamba aliyeahidi miezi 2 anaweza kuchoka wiki ya 2, na mwisho wa mwezi ujao si mbali.

Kituo cha mbali nacho sijasikia ukikieleza zaidi ya neno "mbali". Umekiuliza? Wana nafasi ya mbwa anayekaa peke yake? Daktari hupita mara ngapi? Wanaruhusu mtu kumfadhili mbwa na kupata habari zake? Unaweza kuomba umsindikize siku ya safari, ukamwachia shati lako ulilolivaa. Pengine ukifika utaona pabaya kuliko ulivyofikiri, na utarudi na uchungu mkubwa zaidi. Pengine utaona uwanja mpana.

Na kuna mlango wa kwako, siufungi. Wapo watu walioumwa utotoni ambao leo wanaishi na mbwa. Wapo pia wasiotaka kamwe, na nyumba zao zina amani. Mke wako ni yupi kati ya hao, mimi siwezi kukuambia, na nahisi hata wewe huwezi, kwa kuwa hujawahi kumuuliza bila kuwa na jibu unalolitaka mfukoni. Ukimuuliza, muulize ukiwa tayari kusikia hapana ambayo haitarudiwa kujadiliwa kila wiki. Akisema labda, basi labda hiyo ina mwendo wake, na mwendo huo haukujui wewe wala mwenye kiwanja. Inawezekana kabisa atakuwa tayari mwaka kesho na Doa awe ameshapata kwao. Hilo litauma.

Zungumzeni mchana, mtoto akiwa hayupo, si saa hizi za usiku. Anza na zile dakika alizosimama na simu. Doa asubiri kidogo kwenye mazungumzo hayo, ameshazoea kusubiri.

Ukishaongea naye niandikie, hata mistari 2. Na daktari akishayaona yale meno, nataka kujua pia.

Shangazi yako